Mama Elia Ana Kifua

Kama karatasi hizi umezikuta kwenye benchi la kliniki na wewe mwenyewe unakohoa, kaa vizuri usome taratibu. Foleni ile naijua. Utafika mwisho na bado hawajakuita. Mimi nilikaa pale miezi sita, nikazoea mpaka nikawa na mahali pangu, pale pembeni ambapo ubao umelegea na ukiinuka ghafla unambana mwenzio. Sasa nimepona, nimenenepa, na Sista Paulina, nesi wetu, ameniomba niwaandikie wagonjwa wapya maneno mawili matatu. Alitegemea ukurasa mmoja. Pole yake.

Naitwa Mama Elia na ninafuma masweta ya shule. Ukipita Elerai, kwetu hapa Arusha, asubuhi ya mwezi wa sita, baridi imekaza na mlima hauonekani kwa ukungu, watoto utakaowaona wamevaa masweta ya bluu yenye mstari mweupe shingoni, wengi wao nimewavisha mimi. Ninaishi kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba vinane, vinne vikitazamana na vinne, uani katikati, bomba moja, choo kimoja. Kila chumba kina familia nzima isipokuwa changu, ambacho kina mimi na mashine yangu ya kufumia. Mume wangu alishatangulia miaka mingi. Mwanangu Elia anaishi kijijini Kikwe na mke wake, wanalima mahindi na maharage kwenye shamba la marehemu baba yake.

Pale uani nilikuwa na sifa moja. Walikuwa wakisema, "Mama Elia ana kifua." Mtu mwenye kifua unamjua: unampa jambo lako, linaingia, halitoki. Mwanamke akigombana na mumewe, anakuja kwangu kukaa kwenye kigoda na kulia kidogo. Mume naye akitaka kujua mkewe kasema nini, anakuja na sukari, na haambulii kitu. Nilikuwa nimejaa mambo ya watu mpaka kooni, na siwafichi, nilijivunia.

Aliyeniwekea mengi kuliko wote ni Mama Nasra, wa chumba kinachotazamana na changu. Ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mpole mpaka umchokoze. Anauza ndizi na parachichi sokoni. Mume wake anasafiri na malori, anaonekana kama mvua ya vuli. Asubuhi alikuwa ananiletea binti yake Nasra, wa miaka miwili na kitu, anamfuata jioni. Huyo Nasra alikuwa na ugonjwa wake wa kutopenda kitanda. Mchana akisinzia alitaka kulala juu yangu tu, shavu limebanwa kifuani pangu, na mimi nasimamisha mashine nakaa kama gogo mpaka aamke. Nilimwambia mama yake kwamba mtoto huyu ananichelewesha kazi. Nilikuwa naongopa. Nilikuwa nasubiri saa hiyo kuliko yeye.

Kikohozi kilinianza wakati wa vumbi, kabla ya vuli. Sasa nani Elerai hakohoi wakati wa vumbi? Kijana wa duka la dawa hakunitazama hata usoni. "Vumbi hilo, mama," akasema, akanipa chupa ya dawa tamu. Nikanywa. Nikarudi, akanipa nyingine. Ya tatu alinipa kabla sijafungua mdomo. Nikajaribu tangawizi, nikajaribu limau na asali, nikameza vidonge vya malaria ambayo hakuna aliyeipima. Vuli ikaja ikalaza vumbi lote, mimi nikaendelea kukohoa.

Mwili nao ukaanza kuniaga. Mimi ni fundi, macho yangu yanapima watu bila kuombwa, lakini mtu hajipimi mwenyewe. Nilitia pini moja kwenye sketi. Baada ya wiki mbili nikatia ya pili upande wa pili, nikasema kitambaa kimelegea. Asubuhi nilikuta shuka limelowa jasho, na mwezi wa kumi na mbili Arusha haina joto la kumlowesha mtu. Bado nikajikaza kisabuni. Krismasi nilikwenda Kikwe, Elia akanitazama, akaniuliza kama siku hizi ninafunga. Nikamwambia ni uzee, akasema uzee huwa hauingii mwezi mmoja.

Januari nikaenda kupima. Nakusihi usikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipofanya ujinga wa kwanza. Nilipewa kikopo nikaambiwa nikalete makohozi. Mimi nimelelewa Kimeru na mama aliyekuwa mkali: mwanamke mtu mzima hakohoi akatema watu wakasikia. Nikaenda nyuma ya choo, nikageukia ukuta, nikatoa kitu kidogo, kisafi, cheupe, nikafunga kifuniko, nikakifuta kwa kanga, nikarudisha kwa mikono miwili. Majibu yakaja kwamba hakuna kitu. Nikamshukuru Mungu, nikarudi nyumbani nikaendelea kukonda.

Sista Paulina ndiye aliyeniita tena. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kwaya, na barakoa yake haimzuii kucheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, ulituletea mate. Mate ya heshima kabisa, lakini ni mate."

Akanishika mkono akanipeleka nje juani, mbali na watu. Akaniambia nivute pumzi mpaka chini, niishike, kisha nikohoe kama ninavyomfukuza mbuzi kwenye mboga. Nikaona aibu. Akasema tutasimama hapo mpaka aibu ichoke. Basi nikamfukuza huyo mbuzi, na ya ndani yakatoka, na siku ya tatu akaniita kwenye kile chumba chenye madirisha makubwa yasiyofungwa.

"Mama, ni kifua kikuu."

Nikasema asante, kama mtu aliyerudishiwa chenji. Akanieleza kwamba kinatibika, kwamba dawa ni bure, kwamba ni miezi sita bila kuruka hata siku moja. Nilisikia neno moja moja. Kisha akachukua kalamu.

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Hakuna mtoto wa chini ya miaka mitano?"

"Mwanangu ana ndevu, Sista."

Akacheka, akaandika. Sikuwa nimesema uongo. Chumba ni changu peke yangu, na mtoto mdogo sina. Lakini nilipokuwa natembea kurudi nyumbani, bahasha ya dawa nimeificha ndani ya mfuko wa uzi, nilijua kabisa nimefanya nini. Kuna shavu la mtoto lililokuwa linalala kifuani pangu tangu vumbi lianze.

Kwa nini sikusema? Niliogopa. Niliogopa wasije wakaninyima salamu, wasije wakatoa ndoo zao bombani nikifika, wazazi wasije wakasema masweta ya yule mama yana ugonjwa. Kubwa kuliko yote, niliogopa kumkosa Nasra. Nikajidanganya kwamba nikimweka mbali kimyakimya itatosha. Nikamwambia Mama Nasra mgongo umenikataa, siwezi tena kubeba mtoto. Akanipa pole, akanikanda kwa mafuta ya moto, na kuanzia kesho yake akawa anamfunga Nasra mgongoni kwenda naye sokoni, kukaa juani na mavumbini kutwa nzima. Jioni mtoto alikuwa anakuja kukaa kwenye kizingiti changu, ameegemeza mgongo mlangoni, anasema, "Bibi, fungua." Mimi niko ndani naendesha mashine kwa kelele ili nisisikie.

Dawa zenyewe si mbaya kama watu wanavyosema. Ni vidonge kadhaa kwa mpigo, asubuhi kabla ya kula. Siku za mwanzo tumbo linakataa, kichwa kinakuwa kizito, viungo vinauma. Na usije ukapiga kelele chooni ukiona mkojo umekuwa rangi ya soda ya chungwa. Mimi nilipiga. Jirani akabisha mlango kuniuliza kama kuna nyoka, nikasema ndiyo, ameshapita.

Nilimwambia Elia peke yake, kwa simu. Akaja siku ile ile akanichukua nikapumzike Kikwe wiki mbili, Sista akanipa dawa za kuondoka nazo. Mkamwana wangu alinipokea vizuri, akanichinjia kuku, akanitandikia chumba chenye dirisha. Kisha akaniletea chai kwenye kikombe kilichopakwa alama ya rangi ya kucha, nyekundu, chini ya mkono. Sahani yangu nayo ilikuwa na alama. Elia alipoiona akakasirika, akataka kuivunja. Nikamwambia aache. Sista alishaniambia ugonjwa huu hausafiri kwa vikombe, unasafiri kwa hewa, lakini mke wake alikuwa na mimba na alikuwa anaogopa kwa njia anayoijua. Nilikunywa chai yangu. Iliniuma, lakini ilikuwa na maziwa mengi, nayo nikasema afadhali.

Jioni moja Elia alikaa nami nje tukipukuchua mahindi.

"Mama, pale uani umewaambia?"

"Mimi mambo ya watu siyatoi. Unanijua."

"Hili si la watu. Hili ni lako."

Nikamwambia asinifundishe kazi. Nilikasirika siku mbili, na hasira yenyewe ilinionyesha kwamba kanipata.

Niliporudi mjini, wa kwanza kunipokea alikuwa Nasra, amevaa sweta nililomfumia mwezi wa kumi kwa mabaki ya uzi, mstari wa bluu, mstari wa njano. Niwaambie kitu cha kazi yangu. Sweta la mtoto mdogo tunalifuma na mikono mirefu makusudi, mama anaikunja mara mbili. Mtoto akikua, unafungua mkunjo mmoja. Baada ya miezi mitatu minne unafungua wa pili, kisha unaniletea niongeze. Mimi simwulizi mama mtoto anakula nini, naangalia mikunjo. Sasa ilikuwa Februari inaisha, na mikono ya sweta la Nasra ilikuwa na mikunjo miwili ile ile. Mshono wa bega uliokuwa umekaa begani ulikuwa umeteremka mkononi. Nikapiga magoti, nikamshika mabega. Nilichoshika kilikuwa kidogo kuliko nilichopima Oktoba. Naye akakohoa, kikohozi kikavu kidogo, halafu akanicheka kwa sababu nimerudi.

Nilikaa kitandani bila hata kuvua viatu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu zote za aibu, na zote zilikuwa zinanihusu mimi. Nikapiga moyo konde, nikavuka ua.

Mama Nasra alikuwa anachambua mchele. "Karibu, Mama Elia. Mgongo unaendeleaje?"

"Mwanao hajakua," nikamwambia.

"Watoto hawakui sawasawa. Huyu anakula kidogo tu, ni jua la sokoni."

"Tangu mwezi wa kumi hajafungua mkunjo hata mmoja. Na anakohoa."

"Nani hakohoi?"

"Mama Nasra, mgongo wangu hauna kitu. Naumwa kifua kikuu. Natumia dawa."

Mkono wake ukasimama kwenye ungo. "Tangu lini?"

"Dawa, wiki ya nne sasa. Kukohoa unakujua mwenyewe."

"Wiki ya nne." Akaweka ungo chini polepole. Kisha akataja jambo moja alilowahi kuniambia akiwa analia, ambalo mama yake mzazi halijui, na ambalo hata hapa siliandiki. "Hilo nilikupa wewe. Na wewe ukanificha la mwanangu?"

Nilimwambia tu kwamba asubuhi nitampeleka yeye na mtoto kwa Sista, akikubali. Akaufunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Asubuhi nikamkuta getini, mtoto mgongoni. Tukaenda kwa miguu, yeye mbele hatua kumi, mimi nyuma. Kwenye benchi alikaa mwisho wa huku, mimi mwisho wa kule. Sista Paulina akatuangalia, akaniangalia mimi, akavuta faili langu.

"Mama Elia, si uliniambia unaishi peke yako?"

"Chumbani, Sista."

"Mimi nilikuuliza hewa, wewe ukanijibu kodi."

Watu wakacheka, hata mimi nilitaka kucheka, ila nikamwona Mama Nasra hacheki, nikaacha. Walimpima Nasra uzito, wakamsikiliza, wakataka picha ya kifua. Mashine ya picha ilikuwa mbovu. Tungeweza kwenda kwenye ile hospitali yenye bustani ya maua na viti vya sponji, ambako hata benchi la kungojea linanukia, lakini kwa pochi zetu hizi ilikuwa kama kuambiwa tukapige picha mwezini. Huo ndio ukweli wa sisi wa vyumba vinane: ugonjwa tunaupata kwa urahisi, picha yake ndiyo shida. Ashukuriwe daktari aliyekuwa zamu. Alisema hakuna haja ya kungoja mashine itengenezwe. Uzito wa mtoto, kikohozi chake na mimi pale benchini vinatosha. Nikawa nimehesabiwa kwenye vipimo. Nasra akaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo, zile za watoto zinazoyeyuka kwenye maji na kunukia matunda.

Wiki hiyo Sista alikuja uani kwetu akatuweka wote juani, vyumba vyote vinane, nikasimama nikasema kwa mdomo wangu. Sitaki kukudanganya. Wapo walionikwepa. Mama mmoja aliagiza sweta la mwanawe kwa fundi mwingine, na kamba yangu ya kuanikia nguo ikabaki peke yake. Lakini wote walikwenda kupima, watoto wawili wadogo wakapewa dawa za kinga, na hakukuwa na mgonjwa mwingine. Sista akatuhubiria tufungue madirisha. Tukamwonyesha: ya upande mmoja yanafunguka kwenye ukuta wa jirani, ya upande wa pili yanafunguka kwenye choo. Akatazama, akakosa la kuhubiri. Jumapili yake wanaume wa pale wakachukua nyundo na tindo, wakatoboa matundu juu ya kila mlango, chini ya bati. Mwenye nyumba alipofika kupiga kelele alikuta kazi imekwisha na upepo unapita. Akatazama juu, akauliza kama tunaweza kumtobolea na kwake.

Wamama wa jumuiya ya kanisani walikuja kuniombea. Waliogopa kuingia ndani, wakakaa nje juani wakaimba hapo, na kumbe ndivyo Sista alivyotaka. Mama wa Kiarusha anayetuletea maziwa kutoka upande wa magharibi wa mlima hakuuliza kitu. Aliniita mama kwa lugha yao, akasema tu, "Yeyo, leta na kibakuli kidogo," na kila siku kibakuli kidogo kilijaa bila mimi kudaiwa hela. Kama wewe ni mgonjwa na umeambiwa ule mayai, samaki, nyama na matunda, najua ulivyotaka kucheka. Chukua chochote kinachokuja, usiwe na haya.

Mama Nasra hakunisemesha. Akitaka kunipa kitu alikuwa anapitia kwa mtoto. "Nasra, mwambie bibi sufuria lake hili hapa." Nasra, ambaye maneno yake yote yalikuwa hayajafika thelathini, alikuwa anakuja na kuniambia, "Fulia." Mimi nami nikawa najibu, "Mwambie mama asante," na mama yupo hapo hapo amesimama, ananisikia.

Kisha Nasra akagoma kunywa dawa. Aliitema, akaikanyaga, akakaza meno. Asubuhi moja mlango wangu ulikuwa wazi, akaniona nimeweka vidonge vyangu mkononi. Akasimama kuangalia. Nikameza kimoja, nikafungua mdomo kumwonyesha kimekwisha. Akageuka, akachukua kikombe mkononi mwa mama yake, akanywa chote, akafungua mdomo kunionyesha. Kuanzia siku hiyo hakunywa bila bibi. Kwa hiyo kila asubuhi saa kumi na mbili, masika yote, matope mpaka kwenye vifundo, Mama Nasra alilazimika kuvuka ua na kikombe, kusimama mlangoni pangu na kutazama ukuta, huku wagonjwa wawili wakimezeana na kufunguliana midomo. Nilikuwa naisubiri saa hiyo tangu jana yake. Hata siku nilizoamka tumbo limenikataa sikuruka dawa, maana ningeruka mimi, angeruka na yeye.

Baada ya miezi miwili nikamfukuza mbuzi tena kwenye kikopo, na majibu yakawa safi. Sista alimwita Mama Nasra akamwambia mbele yangu, "Huyu haambukizi tena. Mtoto anaweza kukaa kwake kama zamani."

"Nimesikia, Sista," akajibu.

Hakumleta. Aprili ikapita, Mei ikapita, anamfunga mgongoni na kwenda naye sokoni kwenye mvua. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nisingejiachia mtoto. Ila asikudanganye mtu kwamba ukimwelewa mtu basi haikuumi.

Mwili ukarudi taratibu. Pini moja ikatoka, halafu ya pili, halafu nikalegeza lastiki. Juni, baridi ilipokaza na kazi ya masweta ikawa nyingi, Nasra alivuka ua ameshika sweta lake la mistari. "Fupi," akasema. Niliangalia ng'ambo. Mama yake alikuwa bombani, ametugeuzia mgongo, anasuuza kitu kilichokuwa kimeshasuuzwa. Nikalitazama lile sweta: mikunjo yote miwili ilikuwa imefunguliwa, na alama zake zilikuwa bado zinaonekana kwenye uzi. Nililia vizuri kabisa, bila kujificha, kisha nikaongeza vidole vinne kila mkono.

Julai nikamaliza. Sista Paulina alinipigia makofi na benchi zima likamfuata, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa amelala. Mkamwana wangu alikuwa amejifungua salama, wakaniletea mjukuu nimshike, na mama yake mwenyewe ndiye aliyemweka mikononi mwangu. Nilikuwa na kila sababu ya kufurahi, na nilifurahi. Lakini jioni nikifunga mashine nilikuwa bado natazama ule mlango wa ng'ambo.

Nasra alimaliza zake Agosti. Walikwenda kliniki wawili, sikuitwa, nikabaki nafuma na kuharibu mistari. Waliporudi, Nasra alikuwa amepewa biskuti, na mama yake akapita akaingia ndani. Nikajua basi, kumeza kwa asubuhi kumekwisha, na hakuna tena kitu cha kuwavusha ua.

Kesho yake saa kumi na mbili niliamka kwa mazoea. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka uani, bomba lenyewe halionekani. Nikasikia kandambili. Mama Nasra alikuwa amevaa za sokoni, kapu la parachichi kichwani, mtoto mkononi. Mkono wa pili ulikuwa na chupa ya chai.

"Shikamoo, Mama Elia."

"Marahaba."

"Uji wake uko kwenye chupa. Usimwongezee sukari, anakudanganya." Akaniwekea mtoto mikononi, ambaye alikuwa bado na usingizi na mzito kweli kweli. "Jana hakulala mchana. Leo atataka kulala mapema."

"Sawa."

Akashika kapu lake, akavuka ua kuelekea getini. Nilisimama mlangoni nikimsindikiza kwa macho, nikingoja ageuke kumwangalia mtoto, kama mama yeyote mwenye wasiwasi angefanya. Akafungua geti, akatoka, akashika njia ya sokoni. Hakugeuka.